Jibu Lilikuwa Jaladani: Uchambuzi wa Hukumu ya Mauaji Iliyofutwa Baada ya Miaka 16

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha kweli na kilitokea kaskazini mwa Uingereza. Majina ya watu na ya mitaa nimeyaondoa. Aliyehukumiwa nitamwita Karani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliyeuawa ni Mtoto. Mpelelezi aliyelifungua jalada upya ni Mrakibu, kwa cheo chake, na Wakili ni yule aliyelibeba suala hili miaka ya mwisho. Miaka yenyewe nimeiacha kama ilivyo, kwa sababu ukiiondoa hutaona ucheleweshaji, na ucheleweshaji ni nusu ya kisa.

Nimekitumia mara nyingi kufundishia vijana wanaoingia upelelezi. Wengi hukifikia wakiwa na matumaini ya aina moja: wamesikia kwamba mwishoni DNA ilimnasa muuaji halisi, basi wanakaa kungoja sayansi iingie kama mkombozi. Hapo huwasimamisha. Karani hakutolewa gerezani na DNA. Kilichomtoa kilishaonekana kwa hadubini mwaka 1975 na kikaandikwa, kisha hakikumfikia mtu aliyekihitaji.

Mtoto hakurudi na mkate

Jumapili ya tarehe 5 Oktoba 1975, mama mmoja alimtuma bintiye wa miaka 11 dukani akanunue mkate. Mtoto hakurudi. Siku tatu baadaye mwili wake ulikutwa kwenye nyika ya milimani, mbali na kwao, juu ya mteremko kando ya barabara kuu. Alikuwa amechomwa kisu mara 12. Nguo zake hazikuvuliwa, ila zilikuwa na madoa ya shahawa, na maabara ilipoyachunguza madoa hayo iliona ndani yake mbegu za kiume.

Sentensi hiyo ya mwisho ishike. Mengi yatakayofuata yataizunguka bila kuigusa.

Karani anaingiaje humu?

Alikuwa na miaka 23, mwajiriwa wa ofisi ya kodi, na hakuwahi kuwa na kesi yoyote polisi. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki waliofika baada ya vita kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba. Baba alifariki mwaka 1970, akaanguka barabarani mbele ya macho ya kijana wake. Tangu hapo Karani aliishi na mama, na rafiki zake wakubwa duniani walikuwa mama huyo na shangazi mmoja. Alikuwa na mwili mkubwa, mzito wa kutembea, mpole kupita kiasi, na watu waliomfahamu walisema akili yake ya kijamii ilibaki utotoni.

Mwaka huohuo wa 1975 alilazwa hospitali, na madaktari wakagundua kwamba korodani zake hazikukua kama za mwanamume mzima. Wakamwanzishia sindano za homoni ya testosteroni.

Jina lake lilifika polisi kupitia wasichana wachache wa umri wa shule. Walisema aliwaonyesha uchi wake siku chache kabla na tena wiki kadhaa baada ya mauaji. Askari walipomfuata walikuta kwenye gari lake pipi na magazeti ya picha za wanawake walio uchi. Wakakuta pia karatasi zenye namba za magari. Karani alikuwa na kijitabia: dereva akimuudhi barabarani, huandika namba ya gari lake. Namba moja kati ya hizo ilikuwa ya gari lililowahi kuonekana karibu na pale mwili ulipokutwa.

Pipi, magazeti, namba, tuhuma za wasichana. Uziweke moja moja mezani, hakuna hata moja inayosema mtu huyu ameua. Ukizirundika, na mji mzima unalia kwa sababu ya mtoto, zinaanza kunuka. Kila mtaa unaye mtu wa namna ya Karani. Hana mke, hana marafiki, anaongea kwa shida, anacheka mahali pasipo kicheko. Siku mtoto akipotea, macho yote humgeukia yeye kabla hata ya kuuliza alikuwa wapi.

Siku tatu chumbani

Alikamatwa tarehe 21 Desemba 1975. Aliomba mama yake awepo wakati wa mahojiano, akakataliwa. Hakuambiwa kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Onyo la kisheria, lile la kwamba hulazimiki kusema lolote, lilichelewa hadi muda mrefu baada ya wapelelezi kuwa wameshaamua kwamba ndiye. Siku ya tatu alikiri.

Alipofika wakili wake, alikana papo hapo, na hakuwahi kukiri tena hadi anaingia kaburini. Alivyokuja kueleza ni kwamba alipoanza kusema uongo aliona wanaridhika na presha inapungua. Akadhani wataenda kuyahakiki aliyoyasema, watakuta si kweli, watamruhusu arudi kwa mama.

Wanaosoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza huyaona ya kijinga. Mimi nimewahi kukaa upande ule wa meza, na sioni ujinga hapo. Zamani, kwenye kituo nisichokitaja, nilimsikiliza kijana akikiri wizi wa baiskeli ambayo siku mbili baadaye ilikutwa kwa mjomba wa mlalamikaji. Nilipomuuliza kwa nini alikiri, alisema alitaka kulala. Mtu aliyechoka hupimia mambo kwa saa moja ijayo, hapimii kwa miaka.

Uingereza ya wakati huo haikuwa na kinasa sauti chumbani. Mahojiano yaliongozwa na kanuni za majaji ambazo hazikuwa sheria ya bunge, na askari aliyezikiuka aliweza kuona maelezo yake yakipokelewa mahakamani hata hivyo. Sheria iliyoleta kurekodi mahojiano na daftari la kumbukumbu za mahabusu ilipitishwa mwaka 1984 na kuanza kutumika 1986. Karani alikuwa ameshakaa ndani miaka 10.

Mahakamani, Julai 1976

Wakati wa upelelezi Karani alitoa sampuli ya shahawa. Ilipimwa. Haikuwa na mbegu za kiume. Madoa ya kwenye nguo za Mtoto yalikuwa nazo. Kwa wenye matokeo yote mawili mkononi hesabu ilikuwa imekwisha, lakini matokeo hayo mawili hayakuwahi kuwekwa pamoja mbele ya utetezi wala mbele ya juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia.

Utetezi nao ulijifunga wenyewe. Siku ya kwanza ya kesi upande wa mashtaka uliwakabidhi maelfu ya kurasa za nyaraka ambazo haukukusudia kuzitumia. Mawakili hawakuomba ahirisho ili wazisome. Kisha wakaendesha hoja mbili zinazopigana. Ya kwanza ilisema hakuwepo: alikuwa na shangazi yake wakisafisha kaburi la baba. Ya pili ilisema kama aliua, basi ni zile sindano za homoni zilizomvuruga akili, hivyo wajibu wake upunguzwe. Hoja hii ya pili Karani hakuiidhinisha. Ukiwa mjumbe wa juri unasikia nini? Unasikia mawakili wa mtu mwenyewe hawamwamini.

Na daktari bingwa wa homoni aliyekuwa akimtibu, ambaye angesema kwamba sindano zile hazimgeuzi mtu kuwa mnyama, hakuitwa. Hapa huwa nasimama kidogo. Daktari huyohuyo ndiye angeweza kuulizwa swali lingine jepesi: je, mgonjwa wako anazalisha mbegu?

Juri ilimtia hatiani kwa kura 10 dhidi ya 2. Kifungo cha maisha. Jaji aliwasifu wapelelezi na akawasifu pia wale wasichana. Mei 1978 rufaa ilitupwa.

Kunyongwa kwa kosa la mauaji kulishafutwa kabisa nchini humo mwaka 1969. Miaka michache tu ilitenganisha kisa hiki na kitanzi.

Miaka ya kati

Gerezani, aliyehukumiwa kwa kuua mtoto hana rafiki. Karani alipigwa mara kadhaa. Kila suala la parole lilipokuja, mlango ulikuwa mmoja tu: akiri kosa, aingie kwenye programu ya wakosaji wa aina hiyo, ndipo afikiriwe. Alikataa. Angekubali, huenda angetoka mapema kuliko alivyotoka, akiwa na doa la milele. Akaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili. Mojawapo ya mambo aliyoyaamini katika ugonjwa wake ni kwamba kulikuwa na mpango wa siri wa kumfunga mfanyakazi wa ofisi ya kodi asiye na hatia ili ichunguzwe jela inamfanya nini mtu. Madaktari waliandika hayo kama dalili za ugonjwa. Nusu yake ilikuwa kweli tupu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliandika barua na kugonga milango, akaonekana msumbufu. Mwaka 1984 aliifikia taasisi ya JUSTICE, inayoshughulikia haki jinai. Mwaka 1987 Wakili akalichukua suala, akamtafuta mwanasheria mdogo aliyekuwa kwenye timu ya utetezi mwaka 1976, ambaye kumbe shaka ilikuwa inamkera tangu siku ile. Wakaandaa ombi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, maana wakati huo yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kurudisha kesi iliyokwisha kwenye Mahakama ya Rufani. Ombi lilikuwa tayari tarehe 26 Oktoba 1989. Siku hiyohiyo aliteuliwa waziri mpya: wakili mkuu aliyemtetea Karani mwaka 1976, mwenyewe, yule wa hoja mbili.

Sisemi kwamba alilikalia kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba ilipita miezi 16 kabla ya polisi kuagizwa kuchunguza, na wakati huo yeye alishaondoka wizarani.

Mrakibu anapewa jalada

Februari 1991 jalada lilirudishwa kwa jeshi lilelile la polisi lililomfunga Karani, na kazi akapewa Mrakibu wa upelelezi.

Fikiria kiti alichokalia. Waliosimamia upelelezi wa kwanza walikuwa wakubwa wa jeshi lake. Hukumu ilishapita juri na ilishapita rufaa. Kulikuwa na ungamo. Kazi nyepesi, ambayo hakuna ambaye angemlaumu, ilikuwa kusoma mafaili wiki mbili na kuandika kwamba hakuna jipya. Hali ya nje ilimsaidia kidogo: wiki moja kabla ya ombi lile kukamilika, watu wanne waliofungwa kwa milipuko ya mabomu ya Guildford, mji wa Uingereza, waliachiwa baada ya miaka 15, na mwezi mmoja baada ya yeye kuanza, wengine sita waliofungwa kwa milipuko ya Birmingham nao wakatoka. Nchi ilianza kukubali kwamba ungamo lililosainiwa linaweza kuwa karatasi tu.

Kazi ilielekea sehemu tatu. Nazitaja kwa jinsi zilivyonifaa kufundishia.

Kwanza, mashahidi. Wale wasichana sasa walikuwa wanawake wazima. Walipofuatwa walikubali kwamba walidanganya. Walifanya kama mchezo. Mtu waliyemwona hakuwa Karani. Uamuzi wa kuwarudia ulikuwa sahihi kwa sababu ambayo ni rahisi kuisahau: wao hawakuwa mashahidi wa mauaji, ila ndio waliokuwa mlango. Ukiondoa maneno yao, polisi hawafiki nyumbani kwa Karani, pipi hazipatikani, karatasi ya namba haipatikani. Shaka ya kesi ya zamani ianze pale jina lilipoingia mara ya kwanza. Mpelelezi mvivu huanzia kwenye ushahidi mzito zaidi, ambao kwa kawaida ni ule uliokuja mwisho, baada ya kila mtu kuwa ameshaamini.

Pili, alipokuwa Karani siku ile. Mpelelezi binafsi aliyefanya kazi na Wakili alishampata mtu wa kuthibitisha habari ya makaburini. Hili lilisaidia, lakini kumbukumbu ya miaka 15 haiwezi kubeba rufaa peke yake, na mahakama ingekuwa na haki ya kuitilia shaka.

Tatu, na hapa ndipo nyumba ilipoanguka, madoa na hospitali. Swali lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha: mtu huyu angeweza kuacha doa hili? Matokeo ya maabara ya 1975 yalisema doa lina mbegu. Sampuli ya Karani ya wakati uleule haikuwa nazo. Rekodi za matibabu zilieleza kwa nini: hali ya korodani zake ilimfanya asiweze kuzalisha mbegu. Kulikuwa na mwanya mmoja ambao mtu mbishi angeupitia, kwamba sindano zile za homoni labda zilimwamsha kwa muda. Mwanya huo unazibwa na tiba yenyewe. Testosteroni ya sindano haiamshi uzalishaji wa mbegu. Kwa mwanamume mwenye afya huupunguza.

Agosti 1991 matokeo yalikabidhiwa kwa waziri wa wakati huo, naye akaipeleka kesi Mahakama ya Rufani.

Matokeo

Shauri lilisikilizwa kuanzia tarehe 17 Februari 1992 mbele ya Jaji Mkuu na majaji wenzake wawili. Upande wa mashtaka haukubisha. Jaji Mkuu alisema wazi kwamba imethibitika mtu huyu hawezi kuzalisha mbegu za kiume, na kwa hiyo hawezi kuwa muuaji. Hukumu ikafutwa.

Karani alikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na alihitaji matibabu kwa miezi mingine kabla ya kurudi nyumbani. Alifariki kwa moyo tarehe 23 Desemba 1993, akiwa na miaka 41. Imepita miaka 18 na siku mbili tangu akamatwe. Mama alimfuata mwaka uliofuata. Walikuwa wameambiwa kwamba fidia ingefika pauni 500,000. Walipata sehemu tu ya awali.

Mwaka 1994 mmoja wa wapelelezi wakuu wa mwanzo, aliyekwishastaafu, na mtaalamu wa maabara walishtakiwa kwa kuficha ushahidi. Mwaka 1995 hakimu alisitisha mashtaka kwa kuwa muda mrefu umepita na kesi ya haki haiwezekani. Hakuna aliyetiwa hatiani, na sitaandika zaidi ya hapo juu yao.

Muuaji alipatikana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1999 mabaki ya madoa yaliyohifadhiwa maabara yalitoa wasifu wa DNA. Mwaka 2005 mwanamume mmoja alikamatwa kwa tuhuma isiyohusiana na hili, akachukuliwa sampuli, ikalingana, na mwaka 2006 akakamatwa kwa mauaji ya Mtoto. Novemba 2007 alifungwa maisha. Alikuwa akiishi eneo lilelile. Mwaka 1976, Karani akiwa tayari gerezani, mtu huyo alikiri mahakamani kumteka na kumdhalilisha mtoto mwingine wa kike wa miaka 9, akatozwa faini. Hakuna aliyemhusisha na Mtoto, kwa sababu kesi ya Mtoto ilikuwa imefungwa.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana hakichukui nafasi kubwa. Mrakibu alikubali kuuliza swali lenye jibu la ndiyo au hapana. Shaka nyingi hufa kwa sababu hubaki hisia: "sikuridhika na ungamo lile," "shahidi yule alinipa mashaka." Hisia haziipeleki kesi mahakamani, na mkubwa wako ataziua kwa sentensi moja. Swali la mbegu halikutegemea mpelelezi anamwonaje Karani. Angeweza kumchukia na bado jibu likawa lilelile.

Jambo la pili lililofaa, ambalo wanafunzi wangu hulipinga kila mwaka, ni kutosubiri muuaji apatikane. Huniuliza: "Mzee, kama si yeye, ni nani?" Nawajibu kwamba hayo ni majalada mawili. Anayeng'ang'ania kupata jina jipya kabla ya kulifuta la zamani angemwacha Karani ndani hadi 2006, yaani angemwacha afie huko. Kutoka 1992 hadi muuaji kukamatwa ni miaka 14, na katika miaka hiyo hakuna aliyejua ni nani. Hukumu ilifutwa hata hivyo, na ilistahili.

Sasa yaliyovunjika. Wengi hutaja ungamo kwanza, nami siwakatalii, ila naliona tofauti kidogo. Ungamo halikuwa ushahidi mbaya tu uliokaa pembeni ya ushahidi mwingine. Lilikuwa kama rangi iliyomwagika ndani ya maji. Baada ya siku ya tatu, orodha ya namba za magari haikuwa tena tabia ya mtu mpweke, ikawa nyayo za muuaji. Pipi zikawa chambo. Na nadhani, ingawa hapa nakisia, matokeo ya maabara yasiyolingana yakawa kero ya kiufundi, kwa sababu mtu ameshasema mwenyewe, sasa maabara inataka nini? Ndiyo maana zoezi langu ni hili: chukua jalada, toa kurasa zote za ungamo, zifunge kwa bahasha, kisha soma kilichobaki. Katika kisa hiki kilichobaki kinamwelekea mtu mwenye mbegu.

Ukaguzi wa ungamo wenyewe una njia yake, nayo ni kuuliza ni kitu gani mshtakiwa alikisema ambacho polisi hawakukijua kabla, na kikahakikiwa baadaye. Kama kila alichosema kilishakuwa ubaoni ofisini, hujapata ungamo, umepata mwangwi.

Kisha kuna taarifa iliyokuwepo na haikupita. Kwenye kesi nyingi za namna hii tatizo huwa si uhaba wa ushahidi bali njia yake. Mpimaji alijua, kitabu cha maabara kilijua, daktari wa hospitali alijua nusu, na wakili mtetezi aliyekuwa na hoja ya homoni alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye nusu ya pili. Kukabidhiwa maelfu ya kurasa asubuhi ya kesi pia ni namna ya kunyimwa. Naye asiyeomba ahirisho ameshiriki.

Lipo pia suala la nani amkague nani. Jalada kurudishwa kwa jeshi lilelile lilikuwa kosa la utaratibu, na kwamba lilizaa matunda ni heshima ya mtu, si ya utaratibu. Waingereza wenyewe waliliona hilo: mwaka 1997 ilianza kazi tume huru ya kupitia kesi za jinai, waziri akaondolewa kwenye njia hiyo. Tume hiyo nayo imelaumiwa kwa urasimu wa makaratasi na polepole yake, lakini angalau mfungwa haandiki tena barua kwa mwanasiasa ambaye huenda ndiye aliyekuwa wakili wake.

Na lile la parole mimi linanisumbua kuliko yote. Mfumo uliomtaka mtu akiri ili atoke ulimwadhibu Karani mara ya pili kwa kusema ukweli. Ofisa wa gereza anayejaza fomu kwamba mfungwa "hajakubali kosa lake" hana sanduku la kuandika "labda hana kosa".

Kama jalada hili lingekuwa la kwetu

Sheria zetu zimezaliwa na zile za Uingereza, kwa hiyo si ajabu kwamba mianya inafanana. Kenya imebana upande wa ungamo: kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakikubali ungamo isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo na mwenye cheo kisichopungua inspekta, na mtu mwingine aliyechaguliwa na mshtakiwa awepo. Tanzania bado inapokea maelezo ya onyo yaliyoandikwa na polisi, mradi yawe ya hiari, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa. Siku tatu za Karani zisingepita hapo kirahisi. Nasema kirahisi.

Ugumu uko mbele zaidi, kwa anayegundua ukweli miaka 15 baadaye. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(6), inamruhusu aliyehukumiwa kuomba Mahakama Kuu isikilize kesi yake upya ikiwa rufaa ya mwisho imeshindwa, au muda wa kukata rufaa umepita, na umepatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Mrakibu wa Kenya angejua pa kugonga, ingawa angebishaniwa kama ushahidi uliokuwepo jaladani tangu mwanzo ni mpya.

Mrakibu wa Tanzania angekuwa na kazi nyingine. Mahakama ya Rufani ikishasema, kinachobaki ni maombi ya mapitio, yanayotakiwa ndani ya siku 60, kwa sababu chache zilizotajwa: kosa la wazi kwenye kumbukumbu, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu au ushahidi wa uongo, na nyingine za jinsi hiyo. Ushahidi mpya haumo kwenye orodha. Zaidi ya hapo kuna msamaha wa Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba, na msamaha hupewa mwenye kosa. Huwa nawapa wanafunzi karatasi tupu mwisho wa somo, nawaambia waandike barua ya Mrakibu kama angekuwa Dodoma au Mwanza, na jalada la Karani mezani. Aya ya matokeo huimaliza upesi. Wanakwama juu, pale pa kuandika "Kwa".